Koti la Babu

Koti la babu limekaa kabatini hapa kwetu Ibra, mji wa jangwani, miaka yote, na bado linanuka sufu iliyorowa. Harufu hiyo inanirudisha Uskoti, kwenye mji wa mawe meusi, siku ya kwanza mimi na babu kufika. Watu walivaa nyeusi, wakipanda kilima kwa miguu, kimya, mvuani. Hakuna aliyetusalimia. Kwetu mtu hatembei ila gari likiharibika, au pakiwa na maziko.

“Hawa wamefiwa,” babu alininong’oneza, “na wanatuficha. Twende. Maziko hayapitwi.”

Tukawafuata mpaka juu. Wakaingia maofisini, mmoja mmoja. Babu akabaki anaitazama milango, hakuamini.

Leo nimelivaa koti lake. Nje magari yamepangana, yanangoja jeneza. Nimewaambia, mimi nitamfuata babu kwa miguu.