Mdomo wa Kuku wa Mama

Kuku yule alikuja ndani ya boksi la vifaranga kumi nililonunua sokoni Kabuga, hapa Rwanda. Tisa walikuwa wazima. Wa kumi tulimgundua baada ya wiki tatu hivi, mdomo wake ulipoanza kwenda njia mbili, wa juu kushoto na wa chini kulia, hata akiufunga haukutani. Muuza vifaranga alipopita kwetu nikamwonyesha. Alicheka, akasema tumle mapema kabla hajabaki mifupa. Mama yangu, aliyekuwa amekaa barazani, alinyoosha mkono wake mmoja mzima, akamchukua kifaranga na kumweka mapajani. Mazungumzo yakaishia hapo.

Mkono mmoja mzima, kwa sababu mwaka uliotangulia Mama alikuwa amepigwa na kiharusi. Mkono wa kushoto ulilegea na mdomo ukavutwa upande. Maneno yake yakawa yanatoka polepole, yakiburuzwa, na akinywa uji, mwingine huteremka kidevuni bila yeye kujua. Hakuna mtu nyumbani aliyewahi kusema kwamba yeye na kuku wanafanana. Lakini kila aliyepita langoni akawaona pamoja barazani aliliona hilo, na mimi nilimwona akiliona.

Niseme ukweli, maana nimechoka kuuzunguka: nilikuwa namwonea aibu mama yangu. Mimi mwenye kazi ya ofisini kule Kiyovu, mjini kati, mwenye viatu vya kisigino na salamu za kistaarabu, nilikuwa natamani mama yangu akae ndani.

Kumtunza kuku wa namna ile ni kazi, wala asikudanganye mtu. Hawezi kudonoa punje chini kama wenzake. Anagonga, punje inaruka, anagonga tena, na wenzake wamekwisha kula. Mama aligundua mwenyewe kwamba chakula kikiwa laini na chombo kikiwa na kina, kuku huchota kwa kuchovya mdomo mzima. Kwa hiyo kila asubuhi kabla ya basi langu nilikoroga pumba, unga wa mahindi na dagaa waliosagwa kwa maji ya uvuguvugu, nikaweka kwenye kopo na kulipandisha juu ya tofali, usawa wa kifua chake. Akimaliza alikuwa amejipaka mpaka machoni, na Mama anamfuta kwa kitambaa kilekile anachojifutia kidevu. Hawezi pia kujisafisha manyoya, kwa hiyo utitiri ulimpenda, na kila Jumamosi tulimpaka majivu chini ya mbawa.

Halafu kuna mdomo wenyewe. Kwa kuwa hausagani, unaota bila kukoma, na kila baada ya wiki kadhaa lazima upunguzwe. Mimi nilimfunga kuku kwenye taulo na kumshika, Mama akapunguza ncha kwa tupa ya kucha, kidogo kidogo, huku akimwambia, "Pole mwenzangu, pole, tunamaliza." Aliniagiza zaidi ya mara moja kwamba ncha ile ni kama kucha, ukizidisha unaingia kwenye nyama hai. Nilikuwa naitikia huku nikiangalia saa.

Sasa kuna jambo la desturi. Sisi tulikulia ukimbizini Karagwe, Tanzania, ambako mtu anatafuna mahindi ya kuchoma huku anatembea na dunia haisimami. Tuliporudi Rwanda tukafundishwa upya: mtu mzima hali njiani, na wazee wa zamani hawakula mbele ya wakwe wala mbele ya wageni wasiowazoea. Mimi nilijifunza haraka. Mama alicheka. "Sasa mahindi ya moto niyafiche wapi, ndani ya mkoba?" Miaka yote aliendelea kula mbele ya yeyote, na kumkaribisha yeyote, na hakuna aliyewahi kumlaumu.

Kisha binti yangu akapata mchumba, na familia ya mchumba ikatuma ujumbe kwamba inakuja *gufata irembo*, yaani kubisha hodi kwa heshima kwa wazazi wa msichana kabla ya mambo ya mahari. Ni watu wa Nyarutarama, mtaa wa matajiri. Nilisafisha nyumba siku nne. Nilibadilisha mapazia, nikaazima vikombe. Kila nilipopita barazani nilimwona Mama na kuku wake.

Asubuhi ya siku yenyewe Mama alikuwa anaoga. Kuku alikuwa uani, mdomo umerefuka, maana kwa shughuli zangu nilikuwa nimeruka zamu ya kuupunguza. Nikajiambia kwamba kama lazima aonekane, basi angalau aonekane vizuri. Nilichukua kikata kucha, nikambana kuku kwapani bila taulo, nikatafuta mahali ambapo nikikata mdomo utaonekana umenyooka. Nilikata ncha ya juu. Haukunyooka. Nikakata tena, ndani zaidi.

Sijawahi kumsikia kuku akilia vile. Damu ilinirukia kwenye kitenge nilichokuwa nimeshapiga pasi. Mama alitoka bafuni na kanga yenye maji, akiegemea ukuta, akaniona nimesimama na kikata kucha mkononi. Hakupiga kelele. Alimchukua kuku, akamkandamizia unga wa mahindi kwenye jeraha kwa kidole gumba mpaka damu ikakata, muda mrefu sana. Ndipo akauliza, "Wageni wanakuja kumwona kuku?"

Hapo ndipo ningeweza kuomba msamaha. Badala yake nilisema, kwa sauti laini niliyokuwa nimeiandaa tangu ujumbe wa wageni ulipofika, "Mama, chakula chako nitakuletea chumba cha nyuma. Unajua huku kwetu, wazee hawali mbele ya wakwe."

Alinitazama. Akamtazama kuku, ule mdomo uliokatwa. Nikaona kabisa kwamba ameelewa kila kitu, kwamba ameunganisha mdomo mmoja na mwingine bila msaada wa mtu. "Sawa, mwanangu," alisema, akaenda chumbani na kuku wake na kufunga mlango.

Wageni walikuja na magari mawili. Mambo yalikwenda vizuri kuliko nilivyoota. Mama mkwe mtarajiwa, mama mmoja mpole aliyekulia Bujumbura, aliangaza macho sebuleni akimtafuta Mama, akauliza, "Na *mukecuru* iko wapi? Tulitaka kumusalimia."

"Anakula ndani," nikajibu. "Si unajua wazee wetu."

Akaweka mkono kifuani. "Eeh! Bado iko watu wanashika mila? Hii ni nyumba ya heshima, kabisa." Wenzake wakaitikia. Na mimi, Mungu anisamehe, niliinamisha kichwa na kuipokea sifa ile, nikawaongezea chai.

Walipoondoka nilikwenda chumba cha nyuma. Sahani ya Mama ilikuwa haijaguswa. Alikuwa ameponda viazi kwenye kiganja na kumpelekea kuku, na kuku alikuwa anageuza kichwa. Kuku yule hakula kwa siku tatu. Mama alimdondoshea uji pembeni mwa mdomo kwa kijiko cha chai, tone baada ya tone, na mimi hakuniruhusu kushika hata taulo. Nilisema nisamehe. Akasema, "Nimeshakusamehe," kwa upole uliokuwa mbaya kuliko kofi.

Kuku alipona. Mdomo umeota tena, umepinda kama zamani, na ameanza kutaga. Binti yangu anaolewa, na mama mkwe wake bado anawasimulia watu habari za nyumba yetu ya heshima.

Ila Mama hali tena nasi. Si mbele ya wageni tu. Hata mbele yangu. Chakula kikiiva anachukua sahani yake, kisha kopo na tofali la kuku, anaingia chumba cha nyuma na kufunga mlango. Nimemwandalia kiti mezani, nimemwomba, nimelia. "Si ulisema ndiyo mila ya huku?" ananijibu, bila kejeli, kama mtu aliyechelewa kufundishwa adabu na sasa hataki kukosea.

Jumapili iliyopita nilikwenda na sahani yangu nikale pamoja nao. Nikasimama mlangoni, mkono umeinuliwa kubisha hodi. Ndani nilisikia kopo likigongwa kwenye tofali, na sauti ya Mama, polepole, ikimwambia kuku, "Kula tu, mwenzangu. Mlango nimefunga. Hakuna anayetuona."