Maji ya Mwalimu Yanatoa Povu

Mwalimu wa Kemia niliyefanya naye kazi miaka sita kule Biharamulo amefariki, na juzi nimetoka kumzika kwao Murukulazo, wilayani Ngara. Habari nilizipata kwenye kundi letu la simu la walimu wa zamani. Kabla sijamaliza hata kusoma amekufa kwa nini, watu walikuwa wameshaanza: "Pumzika, jabali la sayansi." "Tumepoteza kisima cha elimu." Kisima! Nilicheka peke yangu jikoni mpaka mke wangu akaja kuangalia kuna nini. Najua tuna desturi yetu kwamba marehemu hasemwi. Mimi leo ninamsema. Anayeona huo ni utovu wa adabu akunje gazeti hili afungie maandazi, hatutagombana.

Tuanze na koti. Shule yetu haikuwa na maabara. Haikuwa na bomba la kioo hata moja, wala jiko la spiriti, wala tone la asidi. Lakini koti jeupe la maabara mwenzetu alikuwa nalo, na alilivaa Jumatatu hadi Ijumaa, na Jumamosi akalivaa kwenda sokoni kununua dagaa. Akina mama wa sokoni walimwita daktari, naye aliitika. Chini ya kwapa la koti hilo kulikuwa na daftari la jalada gumu aliloliandika akiwa chuoni, limejaa milinganyo ya kemia iliyokwisha kusawazishwa. Hilo ndilo lililokuwa maabara yake, maktaba yake na Biblia yake. Akiingia darasani analifungua, ananakili ubaoni mlinganyo mmoja, kisha darasa zima linauimba kwa Kiingereza mara ishirini. Kuta za madarasa yetu hazikufika darini, na mimi nilifundisha Kiswahili chumba cha pili, kwa hiyo kemia yake nimeisikia kuliko walivyoisikia wanafunzi wengi waliokuwa wanasinzia mbele yake. Nafundisha methali huku ng'ambo ya ukuta watoto wanaimba jinsi magnesi inavyoungua.

Kwa msomaji aliyesahau mambo ya kidato cha pili, nitasema kwa ufupi. Vitu viwili vikiungana na kuzaa kitu kingine, hakuna chembe inayopotea wala kuzaliwa bure. Ulizoingiza upande wa kushoto lazima uzikute zote upande wa kulia. Maji, kwa mfano, kila punje yake ina chembe mbili za haidrojeni na moja ya oksijeni. Ndiyo ile H2O ambayo hata asiyesoma anaijua. Sasa oksijeni hewani hutembea wawili wawili. Ukichukua jozi moja ya haidrojeni na jozi moja ya oksijeni, ukatengeneza punje moja ya maji, oksijeni moja imebaki inahangaika haina pa kwenda. Dawa yake ni kuongeza idadi: unaandika mbili mbele ya haidrojeni, unaandika mbili mbele ya maji, pande zote zinatulia. Namba ya mbele unaruhusiwa kuigusa. Ile ndogo ya chini huigusi kamwe, maana hiyo ndiyo inayosema kitu ni kitu gani. Ukiigusa, umebadilisha kitu chenyewe.

Jabali letu la sayansi alikuwa ameigusa. Kwenye daftari lake, ukurasa wa maji, ile oksijeni iliyobaki bila makazi aliipachikia namba ndogo ya mbili pale chini, ikawa H2O2. Ukihesabu kwa vidole, pande zinalingana kabisa. Na darasa baada ya darasa waliimba hivyo, wakaenda nyumbani wakiwa wamesawazishwa.

Siku moja, katikati ya wimbo huo, nikasikia sauti ya msichana ng'ambo ya ukuta. Alikuwa binti wa Kisukuma, baba yake alihamia Biharamulo na ng'ombe wake kutoka Shinyanga. Yule mzee alikuwa amejeruhiwa mguuni na jembe la maksai, na binti ndiye aliyekuwa akimsindikiza hospitali kusafishwa kidonda. Kwa mambo aliyoyaona kule aliamua atakuwa muuguzi, na alimwambia kila mtu, hata sisi ambao hatukumuuliza.

"Mwalimu, samahani," alisema. "Hayo si maji."

Wimbo ukakatika, naye akaendelea:

"Hayo maandishi niliyaona kwenye chupa hospitali. Ni dawa waliyommwagia baba kwenye kidonda. Inatoa povu."

Darasa likaangua kicheko. Mwenzetu akasubiri kikome, kisha akasema kwa ile sauti yake ya kanisani: "Haya jamani, leo tumepata profesa. Ametoka kuchunga, hata kwato hajanawa, anakuja kunifundisha kemia." Kicheko kingine. Nami nakiri, ng'ambo ya ukuta, nilitabasamu. Alikuwa na ulimi, mtu yule, na ulimi wa kumkata mtoto ni rahisi kuunoa.

Ebo! Mtoto hakukoma. Mapumziko ya saa nne alikuja kwangu, kwa sababu kabati la vitabu lilikuwa chini ya ufunguo wangu. "Shikamoo, mwalimu. Naomba kitabu cha kemia, kile kinene." Nikampa. Akaketi kwenye benchi nje ya ofisi, akatoa mfukoni punje za mahindi na maharage, akazipanga juu ya kitabu. Mahindi yalikuwa haidrojeni, maharage oksijeni. Akaniita nione. Mahindi mawili, harage moja, hayo ni maji. Harage moja limebaki. Akaongeza mahindi mawili mengine, akapata maji ya pili, benchi likabaki halina punje ya ziada. Kisha akanionyesha ukurasa wenyewe. Mimi mtu wa Kiswahili, ambaye kemia ilinishinda nikiwa na nywele zote kichwani, nilielewa kwa dakika tatu jambo ambalo koti jeupe halikulielewa kwa miaka.

"Ni kweli, mwalimu, au nimekosea?" aliuliza.

"Ni kweli," nikamwambia. "Lakini nyamaza."

Wiki chache baadaye kukawa na kikao cha walimu. Ajenda ilikuwa majina ya watakaoendelea na masomo ya sayansi kidato cha tatu, na utaratibu wetu ulikuwa mwalimu wa somo anapitisha au anafuta. Mwenzetu alifika kwenye jina la binti yule akapiga mstari. "Huyu hana nidhamu ya sayansi," alisema. Mkuu wa shule akainua macho akauliza kama kuna mwenye la kusema. Kitabu kilikuwa kabatini, hatua nne kutoka nilipoketi, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Ila mwenzetu alikuwa pia makamu mkuu wa shule, na barua yangu ya kuomba uhamisho kwenda Bukoba, alikokuwa mke wangu, ilikuwa mezani kwake ikingoja maoni. Nikakoroga chai. Nikaikoroga vizuri sana, sukari yote ikayeyuka. Hakuna aliyesema kitu, tukaenda jina linalofuata. Binti alikuwa amekaa kwenye ngazi za ofisi anasubiri. Nilipotoka akasimama akanitazama, nami nikamwambia, "Masomo ya sanaa nayo ni masomo." Kabla ya muhula kwisha nilikuwa Bukoba.

Nimeandika mengi kwenye safu hii kuhusu elimu yetu, na mara nyingi nimelaumu wasiokuwepo mezani: sera, wizara, lugha ya kufundishia. Yote hayo yana lawama yake. Lakini ugonjwa wenyewe niliuona ubaoni pale Biharamulo. Hesabu ikikataa, hatuongezi juhudi, tunabadilisha kitu ili hesabu ikae. Watoto hawajui kusoma, tunalegeza mtihani. Barabara imejengwa nusu, tunaiita awamu ya kwanza. Mtu ameishi akiwa mwoga mwenye koti, akifa tunampachika namba ndogo hapo chini, anageuka jabali. Pande zimelingana, tunapiga makofi, na aliyeko kaburini si yule tuliyemjua.

Na makofi yalipigwa kweli pale Murukulazo. Nilisimama kwenye migomba nikisikiliza risala ya shule, iliyosema marehemu aliibua vipaji vya sayansi na hakuwahi kumkatisha tamaa mtoto. Wapi! Kisha likaja jambo lililonitoa jasho. Mjane aliletwa mbele na kitu kilichofungwa kwenye kitenge. Kikafunguliwa: lile daftari. Msemaji akatangaza kwamba familia imeamua urithi huu wa kitaaluma ukabidhiwe mwalimu mpya wa Kemia, kijana aliyefika shuleni hivi karibuni, ili auendeleze. Kijana akapokea kwa mikono miwili, ameinama, macho yamemlowa. Nami nikapiga makofi. Mikono hii hii.

Watu walipotawanyika kula, mama mmoja aliyekuwa akigawa maharage kwenye masufuria akaniita. "Shikamoo, mwalimu." Nikaitika marahaba bila kumtambua, mpaka akasema, "Unikumbuke kwa mahindi." Sasa anauza nafaka soko la Biharamulo. Alikuwa amekuja na ujumbe wa wazazi, kwa sababu binti yake yuko kidato cha pili pale pale shuleni, na wanawake walipoingia jikoni kusaidia, naye akaingia. Nikasema kijinga: "Umekuja kumzika, pamoja na yale yote?"

"Alinifundisha, mwalimu. Mtu akikufundisha unamzika." Akajaza sahani, akampa mzee mmoja, akageuka tena kwangu. "Na mimi yeye nilimsamehe zamani. Yeye hakujua. Wewe ulijua."

Alisema bila hasira, kama anayekutajia bei. Nilitaka kumweleza habari za uhamisho, nikajisikia aibu ya kuifungua midomo. Nilichoweza ni kumtafuta yule mwalimu kijana, nimwambie walau sasa, kabla hajauandika ukurasa ule ubaoni mbele ya binti wa huyu mama. Nilimkuta kwenye kivuli cha turubai, daftari mapajani. Nikamwomba anionyeshe ukurasa wa maji.

Namba ndogo ya mbili ilikuwa imekwanguliwa kwa wembe, mpaka karatasi imekaribia kutoboka. Mbele ya haidrojeni na mbele ya maji palikuwa na mbili kubwa, kwa wino mwekundu uliokwisha kupauka. Pembeni, kwa mwandiko wake ule wa kupendeza, marehemu alikuwa ameandika jina la binti yule, na baada ya jina akaandika: kidato cha tatu.

Kidato cha tatu! Maana yake alipoandika hayo mtoto bado alikuwa shuleni, chumba cha pili, anasoma sanaa. Ilikuwa hatua thelathini kumfuata na kumrudisha. Alimwandika daftarini, hakumrudisha darasani. Nilikuja mazikoni nikimdharau kwa ujinga, na hapo nikagundua nilimpa nafuu asiyostahili. Ujinga una udhuru wake. Alichofanya ni kusahihisha maandishi yake kwa siri, usafi wa koti ukabaki, na mtoto akalipia. Hilo nililijua vizuri, maana ndilo nililolifanya mimi kwa kijiko cha chai.

Nilimwomba kijana daftari nikalipeleka jikoni. Mama yule akafuta mikono kwenye khanga, akasoma. Akapitisha kidole kwenye jina lake, taratibu, mara mbili. Nilidhani atalia. Hakulia.

"Basi mlikuwa wawili," alisema. Akanirudishia daftari, akachukua upawa, akaendelea kugawa maharage.

Tangu hapo ninalifikiria neno hilo. Mkaa peke yake hauwaki, na hewa peke yake haiunguzi mtu. Mwalimu mmoja mwenye kiburi asingeweza kumfutia mtoto uuguzi, kama ofisini asingekuwepo mwenzake mwenye ufunguo mfukoni. Tukiwatafuta waliotuharibia watoto, tunamtafuta mmoja, yule mwenye sauti, na akifa tunasema yamekwisha. Hayajaisha, wasomaji wangu. Aliyejua akanyamaza bado yuko hai, anakula pensheni na anaandika safu magazetini.

Daftari nilimrudishia yule kijana, na kwa woga wangu wa kawaida nilimwambia tu kwamba ni kumbukumbu nzuri. Kwa hiyo namwambia hapa, kwa maana najua gazeti hili hufika hadi ofisi ya walimu. Mwalimu, lile jina la pembeni ni la mama wa mwanafunzi wako. Hizo kurasa nyingine sijui zina makosa mangapi. Binti anakaa darasani kwako na mfukoni pengine ana mahindi. Akinyoosha mkono, vua koti, mwache aseme.