Pamba za Siyo Hapa

Jina alilopewa na mama yake nilikuja kulijua baadaye, na hata nilipolijua sikulitumia. Mtaa mzima ulimwita Siyo Hapa. Alikuwa karani wa mapokezi katika chuo cha ushonaji na upishi, kile cha juu ya duka la magodoro, na kazi yake ilikuwa kuandikisha wanafunzi wapya. Ukifika na mwanao anakupa kiti, anamtazama mtoto badala ya kukutazama wewe mlipaji, anamuuliza mawili matatu, kisha mara nyingi anakwambia, "Siyo hapa, ndugu yangu. Mpeleke kwa mafundi umeme, nyuma ya posta. Mikono ya huyu haipendi kitambaa."

Bosi wake, ambaye funguo zake husikika kabla ya viatu vyake, alikuwa akimsema mbele za watu. "Hivi wewe nimekuajiri uwaingize watu au uwatoe?"

"Niwaweke mahali pao, mzee."

"Mahali pao ni hapa! Huoni viti vilivyo vitupu?"

Mimi nilifika pale wakati dunia imenibana. Mjukuu wangu wa kike tulimwita Kasuku, kwa sababu toka anaamka mpaka anaweka kichwa kwenye mto alikuwa anaongea. Ikaja homa ya uti wa mgongo. Ikamwachia uhai, ikaondoka na masikio. Akabaki anasoma midomo ya watu, na sauti yake mwenyewe hajui kama anapiga kelele au ananong'ona. Shule yake ya zamani ikasema anawasumbua wenzake. Shule ya viziwi nayo ikasema hajui lugha ya alama, aanze na wadogo, na darasa la wadogo limejaa. Akawa kama popo, ndege hawamtaki na wanyama hawamtaki.

Mwanangu, baba yake, ni dereva wa lori, mtu wa kuchoka. Jioni moja aliniambia, "Baba, uandikishaji unafungwa Ijumaa. Ukifungwa hana pa kwenda, atakwenda kwa shangazi yake kuosha vyombo mgahawani. Sahani haihitaji masikio."

Aliyasema hayo akitazama ukuta, lakini Kasuku alikuwa amekaa upande huo huo wa ukuta. Aliyaona yote mdomoni mwa baba yake.

Basi nikampeleka kule chuoni, maana nilisikia wanapokea yeyote. Siyo Hapa akamgeukia, akasema taratibu, "Unapenda nini, mama?"

"Hesabu!" Nadhani hata wauza magodoro chini walisikia.

Siyo Hapa hakucheka. Alifungua mtoto wa meza, akatoa pamba, akajiziba masikio yote mawili, akatushika mikono, akatupeleka mpaka nyuma ya darasa la ushonaji. Ndivyo alivyokuwa. Haulizi mwalimu mkuu shule yake ikoje. Anakaa kama atakavyokaa mtoto. Mwalimu alikuwa ameinamia cherehani, ametugeuzia mgongo, anaeleza mambo ya pindo. Siyo Hapa akakikazia macho kile kisogo kama mtu anayesubiri kiseme.

Sasa sikiliza balaa. Mlango ukafunguliwa, bosi akaingia na mama mmoja mgeni, amevaa vizuri, amemshika binti yake mkono. "Karani! Njoo umwandikishe mtoto!" Akaita tena. Wasichana wakamkonyeza Siyo Hapa, naye akatabasamu, akadhani wanamsalimu. Mimi nilitaka kumgusa, lakini yule bwana alikuwa ameshafika na funguo zake, uso umemvimba, akidhani anadharauliwa mbele ya mgeni. Alipomshika bega, Siyo Hapa aliruka, na kwa kuwa haisikii sauti yake, akapaza sauti kama mnadani:

"Siyo hapa! Mwalimu huyu anafundisha kwa kisogo!"

Yule mama mgeni alimtazama mwalimu, akamtazama bosi, akamvuta binti yake wakashuka ngazi. Hata kabla ya adhuhuri Siyo Hapa naye alikuwa anashuka ngazi hizo hizo, kikombe chake cha chai mkononi, kazi hana.

"Mwanangu, nimekuponza," nikamwambia.

"Zimeniponza pamba, babu. Inuka, Ijumaa haitusubiri."

Tukazunguka. Miguu yangu ilikwisha tangu siku ya kwanza, lakini mtu mwenye shida haulizi miguu. Njiani alinihadithia kwamba alipokuwa msichana alitaka kutengeneza saa, baba yake akampeleka kujifunza kupiga chapa kwa sababu binti wa jirani alipata kazi hiyo. "Nilikaa humo, babu, kama mguu ndani ya kiatu cha mtu mwingine. Na bado nakivaa."

Kila shule alisimama dirishani na pamba zake. Mwalimu mmoja alitembea darasani kama anayetafuta kuku aliyepotea. Mwingine alijifunika mdomo kwa kitabu. Wa tatu alikuwa na masharubu kama pazia, Siyo Hapa akazitoa pamba, akanong'ona, "Huyu labda tumnyoe." Nilicheka, kisha nikaona Kasuku hachekei chochote. Alikuwa ameacha kusema. Shangazi yake alikuwa ameshamletea aproni ya kazi, na mtoto aliibeba kwapani kila tulikokwenda, bila kuambiwa. Kasuku aliyenyamaza, jamani, ni kitu cha kuogofya.

Ijumaa tulibakiwa na shule moja tu, ile ya karibu na matanuru ya matofali, ambayo watu huisema vibaya. Madirisha hayana vioo. Mimi nilikaa juu ya tofali, na moyoni nilikuwa nimeshamuaga mjukuu wangu. Siyo Hapa akaenda dirishani. Mwalimu wa hesabu alikuwa na bega bovu, mkono hauinuki kufika ubaoni. Kwa hiyo alikaa juu ya meza, uso kwa wanafunzi, akitamka hatua moja moja, na mwanafunzi mmoja anaiandika ubaoni.

"HAPA!"

Chaki ikaanguka. Darasa zima likageuka.

"Hapa, babu! Hapa ndipo!"

Mwalimu akaja dirishani mbio. "Mama, kuna moto?"

Nilimweleza mimi, maana mwenye pamba alikuwa hasikii neno. Mwalimu akainama mbele ya Kasuku. "Unataka nini, binti?"

"Hesabu," akasema, kwa sauti ndogo sana.

"Mkuu nitamwona mimi sasa hivi. Lakini viti hakuna, babu, na wenzangu wengine hapa hufundisha wakitazama ubao. Sitakudanganya. Mimi nina vipindi vyangu tu."

Kasuku hakungoja tumalize. Aliokota tofali, akaingia nalo darasani, akaikunja ile aproni ya shangazi yake, akaiweka juu, akaikalia.

Siyo Hapa alibaki dirishani akimtazama. Nikamuuliza, "Na wewe, mwanangu, sasa utakwenda wapi?"

Hakunisikia.