Presha ya Nani

Kazini wananiita Profesa, na naomba usinipe hongera kabla hujasikia jina lenyewe nimelipataje. Mimi ni nesi wa ndege. Mgonjwa akiwa mahututi kwenye hospitali ndogo isiyo na vifaa, ndege yetu ya injini mbili inamfuata, mimi nakaa naye nyuma pamoja na mashine zake, tunampeleka hospitali kubwa. Kabla ya hapo nilifanya kazi chumba cha wagonjwa mahututi kwa miaka kumi na moja, kwenye sakafu isiyotikisika. Kisha nikasoma kozi ya wiki sita ya uuguzi wa angani, nikarudi sishikiki.

Kozi yenyewe, ukiikamua, ina jambo moja kubwa: hewa iliyofungiwa hutanuka kadiri unavyopanda juu. Basi. Iliyo tumboni, iliyo sikioni, iliyo ndani ya chupa ya dripu, yote inadai nafasi zaidi. Nililihubiri jambo hilo kila mahali. Mume wangu nilimhubiria akiwa anapiga mswaki, hana namna ya kujibu. Shemeji yangu alipiga simu kuulizia watoto, akakata akiwa anajua kwa nini pakiti ya krispi huvimba ndani ya ndege. Na mhubiri mwenyewe, ndege ikikutana na wingu tu, anatapika. Niliwahi kutapika ndani ya glovu. Debe tupu haliachi kuvuma, walisema wahenga, ila hawakusema kwamba debe hilo likipanda ndege huvuma zaidi.

Safari ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya asubuhi. Fundi mwashi alikuwa ameanguka kutoka ghorofa ya pili ya jengo walilokuwa wakilijenga, akavunjika mbavu, na damu ikavujia ndani ya fuvu. Alikuwa hajitambui, anapumuliwa na mashine kupitia mpira uliopitishwa kooni. Asipopasuliwa kichwa siku hiyohiyo, angekufa. Na njiani presha yake haikutakiwa kushuka hata kidogo, maana ubongo uliokwisha kuumia haustahimili kukosa damu. Mkewe alikuwa kando ya kitanda na kitambaa kilicholowa, anamfuta vumbi la saruji lililobaki masikioni na ubavuni.

Ule mpira wa kooni una puto dogo la kuziba pembeni ili pumzi isivuje. Kwa kawaida hujazwa hewa. Ukipanda nalo juu, linavimba na kulikandamiza koo, kwa hiyo sisi wa angani huitoa ile hewa na kutia maji ya chumvi. Ni kazi ya dakika moja. Mimi niliifanya kwa dakika kumi na tano, maana manesi wanne wa hospitali ile walikuwa wamesimama wananitazama, na kwangu watu wanne wanatosha kuwa mkutano wa hadhara.

"Hewa haina adabu," niliwaambia, nimeinua bomba la sindano juu. "Ukiipandisha cheo, inavimba kichwa."

Walicheka. Nikaongeza mengine. Hapo ndipo mke wa fundi aliponigusa kiwiko.

"Sista, samahani. Hapa ubavuni, nikimfuta, ngozi inalia. Ukiibonyeza inafanya kama karatasi."

"Ni plasta hiyo, mama. Usiwe na wasiwasi," nilimjibu bila hata kugeuka.

Picha ya kifua iliyopigwa jana yake ilikuwa safi, na mimi niliiegemea picha hiyo. Kubonyeza ubavu kungenichukua sekunde tatu. Sasa wewe usiye nesi, nikwambie: ngozi inayolia ukiibonyeza ina hewa chini yake, na hewa hiyo imetoka kwenye pafu lililotobolewa na ubavu uliovunjika. Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua. Mimi niliyeshika bomba juu kama mwenge nilijua kuliko wote mle ndani, na ndiyo maana sikuwa na nafasi ya kusikiliza mtu.

Rubani wetu wa kawaida alikuwa likizo. Aliyekuja badala yake alikuwa mtu wa makamo, mtulivu, mwenye tabia ya kurudia kila unalomwambia. Tukapaa. Baada ya dakika ishirini hivi, presha ya mgonjwa ikaanza kuteremka. Mia na kumi. Tisini na tano. Nikaongeza dripu. Themanini na mbili. Nikaanzisha dawa ya kuinua presha. Sabini na nne. Taa nyekundu ya mashine ya kupumulia ikawaka. Mke wa fundi, aliyefungwa mkanda kwenye kiti karibu na miguu ya mumewe, hakuzitazama mashine. Alinitazama mimi usoni, nikajua uso wangu umeshamwambia. Kichwani mwangu, ambamo kozi nzima ilihifadhiwa neno kwa neno, hamkuwa na kitu. Niliogopa sana. Nikabonyeza kitufe cha hedifoni nikampigia kelele rubani, nikitaka tu binadamu mwingine ajue.

"Presha inashuka! Inashuka haraka!"

"Presha inashuka," alirudia.

Mara ndege ikainamisha pua.

"Vaeni maski za oksijeni! Nateremka!"

Nilidhani amerukwa na akili. Kumbe yeye alielewa kwamba ni presha ya ndege, ile hewa inayojazwa ndani ili watu waweze kupumua huko juu. Geji yake ilionyesha mambo shwari, ila geji hiyohiyo ilikuwa imemdanganya mwezi uliopita, na kati ya mshale na nesi anayepiga kelele aliamua kumwamini nesi. Maskini.

Tukawa tunateremka. Mke wa fundi amejifunika maski, machozi yanapita pembeni yake. Mimi natapika kwenye mfuko, jicho moja liko kwenye monita. Sabini na nne. Sabini na tisa. Themanini na sita.

Niliacha kutapika. Dripu ni ileile, dawa ni ileile. Kilichobadilika ni kimo peke yake. Ni kitu gani hupata nafuu kikirudishwa chini? Hata mume wangu angejibu, na mswaki mdomoni.

Nikafunua shuka. Upande wa kushoto wa kifua ulikuwa umetuna na hauchezi, wa kulia unahangaika peke yake. Nikabonyeza ubavu. Kwa kelele za injini sikusikia chochote, lakini niliihisi chini ya kidole: karatasi hasa. Hewa ilikuwa imefungiwa kifuani, na huko juu ilitanuka ikaubana moyo. Nikachukua sindano nene kuliko zote nilizokuwa nazo, nikamchoma juu kifuani, chini kidogo ya mfupa wa mtulinga. Hewa ikatoka ikanipiga mkononi, ya uvuguvugu. Presha ikapanda hadi mia na tano, ikatulia.

"Presha imepanda," nilimwambia rubani.

"Presha ipi?"

"Ya mgonjwa."

"Na ile ya kwanza?"

"Ya mgonjwa pia."

"Haya," alisema, "basi tubaki hukuhuku chini."

Hospitali kubwa walitupokea wakiwa tayari. Daktari wa upasuaji alisikiliza maelezo yangu huku akisukuma machela, akauliza ni nani aliyefikiria kuteremsha ndege. "Ni mafunzo tu, daktari," nilisema. Jibu lenye unyenyekevu mwingi, na ni uongo mtupu. Fomu ya ripoti ina sehemu ya kuandika nani aliagiza kubadilisha kimo. Nikaandika jina langu kwa mwandiko mzuri. Fundi alipasuliwa, siku ya nane akafumbua macho. Habari zikaenea, na mkuu wa kitengo akaniagiza niwafundishe manesi wapya kisa hicho. Rubani hakunichongea. Kila tukikutana aliniuliza tu, "Presha yako inaendeleaje, Profesa?" na kila mara nilicheka kwa sauti kubwa kuliko iliyohitajika.

Nilijaribu kulifanyia mazoezi somo langu mbele ya kioo. Kila nikifika kwenye zile dakika kumi na tano, naziruka. Mara ya tatu niliona haya kujitazama. Nikaenda kwa mkuu, nikaiomba ile fomu, nikafuta jina langu na kuandika "rubani, kwa kutoelewana". Mkuu alicheka hadi akavua miwani. Tangu siku ile neno presha peke yake ni marufuku kwenye hedifoni. Unasema ya damu au ya ndege. Nikamweleza na habari ya ubavu. Akaacha kucheka.

"Mkewe anajua?" aliniuliza.

Nilimkuta wodini akimnywesha mumewe maji kwa kijiko. Fundi alikuwa amenyolewa kichwa, amekonda, macho yake yanafuata kijiko kinapokwenda. Mkewe aliinuka akanishika mikono yote miwili.

"Sista! Umeniokolea baba watoto."

Nikamvuta kando, nikamwambia yote. Hata katika kuungama nilijikuta naanza kumweleza jinsi hewa inavyotanuka, ikabidi nijikatize.

"Uliniambia kuhusu ngozi, mama, na sikukusikiliza. Angeweza kufa kwa sababu yangu. Nisamehe."

Alinitazama kwa upole, ule upole usiokuachia pa kukimbilia.

"Nilijua hukunisikia."

"Mbona hukurudia?"

"Nilitaka kurudia, sista," alisema. "Lakini ulikuwa unaongea vizuri sana."