Sauti Niliyoazima kwa Mchina

Kuna siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu. Najua utacheka nikikuita mwanangu, mimi mama yako mdogo ambaye hata mvi sina. Lakini nimekubeba mgongoni kupanda ngazi zote za lile ghorofa la mtaa wa Hillbrow lifti ilipokuwa imekufa, kwa hiyo haki ninayo. Soma tu. Ukikwama kwenye Kiswahili muulize mama yako, usinijibu kwa Kizulu.

Wakati huo nilikuwa nasuka nywele saluni kwa Mama Furaha, mama wa Bukavu kama sisi, mwenye mwili mkubwa na maneno machache. Ukutani palikuwa na televisheni, nayo ilijua kitu kimoja tu: tamthilia za Kichina zilizotiwa sauti za Kiswahili. Humo ndimo tulimompata kijana mmoja. Jina lake halisi lilitushinda kutamka, tukambatiza Mwavuli, maana katika tamthilia ya kwanza kazi yake ilikuwa kumshikia tajiri mwavuli na kusema, "Ndiyo, bosi." Basi. Katika ya pili alikuwa dereva, akafa kwenye ajali. Katika ya tatu alikuwa askari, akafa tena.

"Huyu Mchina nimechoka kumzika," mteja mmoja alisema, kichwa kimesukwa nusu. "Wampe basi hata mke kabla hajafa!"

Wakampa zaidi ya mke. Baada ya hapo Mwavuli akawa mdogo wake tajiri, na kila sehemu ilipoisha ni yeye aliyeimba wimbo wa tamthilia. Saluni nzima ilishangilia kama mtoto wa jirani amefaulu mtihani. Mimi niliushika wimbo ule, Kichina chake chote, bila kujua maana ya neno hata moja, nikawa nauimba nikisuka. Nikaanza kuota. Kama yeye alianza na mwavuli, mimi je?

Haukupita muda tukasikia kwamba mtaa wa Fordsburg, juu ya duka la vitambaa, Mtanzania mmoja aitwaye Bwana Hamisi amefungua studio, na anatafuta msichana wa kuwa sauti ya binti wa tajiri katika tamthilia mpya. Eish, mwanangu, niliitaka nafasi ile hadi chakula kikanikataa. Nikaanza kujizoeza kuongea kama wale wa kwenye televisheni. Kiswahili chetu cha nyumbani nilikiona cha sokoni. Niliacha kusema "aksanti", nikawa nasema "ahsante sana, jamani," huku nimebana pua.

"Weye," Mama Furaha akaniuliza, "uko na mafua?"

Wateja walicheka. Mimi nikaona wivu unawasumbua.

Siku ya kusikilizwa ilipofika, Bwana Hamisi alinionyesha kipande kimoja: mama anaondoka na begi lake, binti amesimama mlangoni, anasema, "Mama, usiniache hapa." Nikavuta pumzi, nikaitoa ile sauti ya Dar es Salaam niliyoipika. Akaniambia nirudie. Nikaitoa tena, kali zaidi. Akavua hedifoni, akacheka taratibu, si kwa ubaya.

"Dada, mwenye sauti hiyo namjua. Ni rafiki yangu, yuko Dar. Nikimtaka nitampigia simu. Wewe umetoka wapi?"

"Bukavu."

"Basi Jumamosi nasikiliza watu kwa mara ya mwisho. Ukimpata huyo wa Bukavu, mlete."

Nilirudi saluni macho mekundu. Mama Furaha hakunibembeleza. Mwavuli alikuwa kwenye televisheni akigombana na kaka yake. Mama Furaha akanyoosha kitana.

"Pale, nani anaongea?"

"Mwavuli."

"Hapana. Ni Mtanzania fulani, pengine saa hii anakula chipsi. Ngoja."

Tukangoja hadi mwisho. Wimbo ukaanza, kwa Kichina kama siku zote, maana nyimbo watia sauti hawakuzigusa.

"Na hapa?"

"Hapa ni yeye mwenyewe."

"Akiongea, umelia hata siku moja?"

Nikafikiri. Sikuwahi.

"Na akiimba?"

Jibu alilijua. Alishaniona nikijifuta macho kwa taulo la mteja.

"Neno hata moja hauelewi, na unalia. Voilà, umeona? Sauti ya kuongea walimuazimia. Ya kuimba ni yake mwenyewe. Sasa weye unakwenda kuazima kitu uko nacho?"

Akaniambia nifagie nywele, maongezi yakaisha.

Jumamosi niliposimama mbele ya maiki sikumwaza binti wa tajiri. Nilimwaza bibi yako, asubuhi ile ya kuondoka Bukavu, alipotupandisha lori sisi wawili, mimi na mama yako, akabaki chini akisema atatufuata. Kinywa kikasema chenyewe: "Mama, usituache huku." Hata maneno niliyakosea. Bwana Hamisi hakucheka. Alivua miwani yake, akaifuta.

Nafasi ya binti hakunipa, usidhani. Ilikwenda kwa Mkenya mmoja ambaye sauti yake ililingana zaidi na yule msichana wa Kichina. Mimi nilipewa muuza mboga, sentensi tatu. Nilizisema kama mama zetu wanavyosema. Baadaye nikaitwa tena, nikawa nesi, nikawa shangazi mkali. Hadi leo bado nasuka, lakini mara nyingine mteja hugeuza shingo na kuniuliza, "Sauti hii nimeisikia wapi?"

Nakuandikia kwa sababu mama yako ameniambia keshokutwa unakwenda kuimba mbele ya watu wa televisheni. Anasema unajikwaruza koo upate sauti ya yule dada mwimbaji wa Marekani, na wimbo aliokufundisha yeye, ule wa bibi yako, umeuacha kwa kuona haya, wenzako wasikuite mgeni.

Sikia ninachokuomba. Jifunze kwa kila mtu. Mimi kwa yule Mchina nilijifunza kusubiri, na kuifanya kazi ndogo kwa moyo wote. Lakini ukisimama pale, dada wa Marekani muache kwao. Imba wa bibi, kwa matamshi yake yale yale. Wakikukataa, wawe wamekukataa wewe, hapo utajua pa kurekebisha. Wakikupa kidogo, kipokee, kifanye vizuri, kesho urudi.

Mungu akupe koo safi na moyo usiotetemeka. Akupe wasikilizaji wenye huruma. Na popote utakapofungua kinywa katika mji huu, mwanangu, asikosekane mtu wa kugeuka na kusema: huyu ni wa kwetu.