Kifungo cha Mwalimu Pazia

Saa moja na robo asubuhi, darasa la sita bado ni tupu, na mwalimu wake anazungumza na madawati.

"Mnanisikia huko nyuma?" anauliza.

Hakuna wa kumjibu, kwa hiyo anatembea mwenyewe hadi nyuma. Anakaa kwenye dawati la mwisho, chini ya dirisha ambalo kioo chake kimoja kimezibwa kwa karatasi ngumu, na anautazama ubao kama mtu aliyekata tiketi. Jua linapiga kona ya kushoto na maandishi ya huko hayatasomeka. Anarudi mbele na kuikata kona hiyo kwa mstari wa chaki. Leo hapo hapaandikwi kitu.

Madawati ni ishirini na manne. Wanafunzi ni sabini na mmoja. Analijua dawati lenye mguu mfupi, lile linalolia mtu akipumua, na analiwekea kipande cha mbao chini. Hataki kelele ambayo hakuiomba.

Mwisho anafungua mkoba na kutoa kifungo cha koti. Ni kikubwa, cheusi, chenye matundu manne. Anakwenda kukiosha bombani, anakifuta kwa leso, kisha anakitia kwenye mfuko wa blauzi.

Leo saa mbili na nusu mwalimu mkuu atakuja kukaa nyuma ya darasa hili. Ataleta swali lake mwenyewe, ataliandika ubaoni kwa mkono wake, na mwenye darasa haruhusiwi kusema neno. Wanafunzi wakilimudu, mama huyu mwenye umri wa miaka arobaini na saba atabaki na hisabati za darasa la sita. Wakishindwa, atapewa watoto wa chekechea, awaimbishe.

"Nyimbo nazijua nyingi," anasema, akipangusa chaki vidoleni. "Lakini sijamaliza kazi yangu hapa. Na hawa watoto wanaweza. Mwalimu mkuu ndiye hajui kama wanaweza."

Wanafunzi humwita Mwalimu Pazia. Walimu wenzake waliliiba jina hilo siku nyingi, na sasa hata wazazi wanalitumia, tena mbele yake. Yeye halimkeri. Nyuma ya pazia ndiko alikopata ugali wake wa kwanza, kama anavyosema mwenyewe.

Alikuwa na miaka kumi na tisa alipojiunga na kikundi cha maigizo kilichozunguka mji kwa mji, kikicheza kwenye kumbi, masokoni na kwenye viwanja vya mpira. Kwa kuwa sauti yake ilikuwa nzito, alipewa vikongwe. Alicheza bibi wa kila mtu kabla hajafikisha miaka ishirini na miwili. Kisha mnong'onezi wa kikundi, yaani yule anayejificha nyuma ya pazia na kuwakumbusha waigizaji maneno yao, akaacha kazi bila kuaga. Msichana mwenye sauti ya bibi akaulizwa kama ana kumbukumbu nzuri. Alikuwa ameshika tamthilia nzima, sehemu za wenzake zote.

Kwa miaka minane iliyofuata hakuonekana tena jukwaani. Alikaa gizani akitazama midomo ya watu.

Anaeleza kwamba mnong'onezi ana adui mmoja tu, kimya. Mwigizaji akinyamaza sekunde moja kupita kiasi, watazamaji wanajigeuza kwenye viti. Sekunde mbili, mtu anakohoa. Ya tatu isifike. Kazi yake ilikuwa kuirusha silabi ya kwanza kabla shimo halijafunguka, mwigizaji aidake, amalizie.

Siku moja mwigizaji wao mkubwa, ambaye bila kunong'onezwa hakumaliza hata salamu, alisimama mbele ya ukumbi uliojaa kutangaza kifo cha mfalme. Akasahau. Mnong'onezi akafungua mdomo, ikatoka chafya.

"Na yeye akapiga chafya," anasema. "Ya kwake ilikuwa nzuri kuliko yangu. Alipigiwa makofi."

Kikundi kilivunjika ukumbi wao mkuu ulipogeuzwa ghala la saruji. Akaenda chuo cha ualimu akiwa na miaka thelathini na mmoja, mwanafunzi mkubwa kuliko wote, wengine wakimwamkia wakidhani ni mkufunzi. Sasa ana miaka kumi na minne mbele ya ubao.

Ukimwuliza kama kufundisha ni kuigiza, atakujibu bila kusita kwamba nusu yake ni kuigiza na asiyetaka kukubali hajawahi kuingia darasani baada ya chakula cha mchana. Haingii mpaka watoto wamekaa, kwa sababu jukwaani alifundishwa kwamba mwigizaji haonekani kabla watazamaji hawajakaa. Sauti anaipeleka dawati la mwisho, wa mbele watapata mabaki. Mgongo hawapi watazamaji. Hata ubaoni huandika akiwa amesimama upande, ndiyo maana mistari yake yote inapanda mlima.

Wiki hii anafundisha sehemu. Jana aliigiza muuza vitambaa anayegombana na mteja kuhusu robo tatu ya mita, akicheza wote wawili, kila mmoja na mikogo yake. Darasa la jirani lilishindwa kusoma kwa kicheko. Dada yake mkubwa, mshonaji anayeishi naye, anasema mteja yule ni yeye kabisa na anadai alipwe haki zake.

Lakini ile nusu nyingine, isiyo ya kuigiza, ilimwumbua.

Muhula uliopita darasa lake lilikuwa ndilo linaloonyeshwa kwa wageni. Mikono juu, majibu kwa pamoja, ukuta unatetemeka. Ukaja mtihani wa maandishi. Kati ya wanafunzi sabini na mmoja, waliofaulu hisabati walikuwa kumi na tisa.

Mwalimu mkuu, mtu mrefu asiyependa kupoteza maneno, alimwita ofisini na kumsogezea orodha. "Darasa lako nikilisikiliza dirishani ni la kwanza," alimwambia. "Nikilisoma kwenye karatasi ni la mwisho. Sasa wewe niambie niamini sikio au jicho."

Jibu alikwenda kulitafuta kwa msichana wa dawati la tatu, ambaye darasa zima humwita Karani kwa sababu huandika kila kitu, hata mwalimu akipiga mwayo. Karani alikuwa ameacha swali la saba wazi. Swali lile lile alikuwa amelijibu darasani wiki moja kabla.

Mwalimu akamwuliza kulikoni. Mtoto akasema, "Siku ya mtihani hukuwepo, Mwalimu."

"Nilikuwepo. Si nilikuwa nimesimama pale mlangoni?"

"Ulikuwepo, lakini hukutuanzia."

Anasema alisimama kama mtu aliyemwagiwa maji. Kisha akaanza kujisikiliza. Jibu ni tatu? Alisema "ta…" na darasa likamalizia. Jibu ni nusu? Alisema "nu…" nao wakaimalizia kwa furaha, tena kwa mdundo. Na pale alipojizuia asitoe sauti, midomo yake ilitangulia. Karani alimweleza bila kuona aibu kwamba wao huitazama. Mwalimu akifumba midomo, jibu ni moja au mbili. Akichomoza ncha ya ulimi, ni tatu, tano au tisa. Hapo wanaanza na tatu, wakiona nyusi zinashuka wanahamia tano.

"Walikuwa mahodari," anasema. "Walikuwa wanakokotoa uso wangu. Miaka kumi na minne nilidhani nafundisha hesabu, kumbe nawafundisha kupiga chafya zangu."

Jioni ile alimsimulia dada yake, akiwa amekaa kati ya marundo ya vitambaa. Dada mtu hakuacha hata kukanyaga cherehani. Alimwambia, "Mdogo wangu, ulimi huo tangu utotoni dawa yake ni kifungo." Alimaanisha jela. Kisha akaisikia kauli yake mwenyewe, akacheka hadi uzi ukakatika, akatumbukiza mkono kwenye kopo la vifungo na kumchagulia kikubwa kuliko vyote, asije akakimeza.

Mdogo mtu akakichukua kweli.

Sasa ni wiki ya saba. Utaratibu haubadiliki. Anaeleza somo kwa mbwembwe zake zote, anauliza swali, anakitia kifungo mdomoni na kufumba. Mdomo wenye kifungo hauwezi kunong'ona, na midomo iliyofumbwa haisomeki. Siku ya kwanza kimya kilifika dakika mbili na yeye akalowa jasho. Siku ya pili ilivuma kwamba Mwalimu Pazia anaumwa jino, na mzazi mmoja akamtumia dawa, mpaka ikambidi aieleze shule nzima habari ya kifungo cha dada yake. Katika somo zima walimaliza maswali matatu, wakati zamani walikuwa wakimaliza kumi na mawili.

"Jukwaani kimya ni shimo," anasema. "Hapa ndicho chumba wanachofanyia kazi. Kila nilipokijaza mimi, niliwatoa nje."

Saa mbili na nusu mwalimu mkuu anaingia na kiti chake mkononi. Darasa linasimama, linakaa. Anaandika ubaoni, kwa mistari iliyonyooka, kwamba fundi ana kitambaa cha mita sita na anakikata vipande, kila kipande robo tatu ya mita. Atapata vipande vingapi. Anarudi nyuma, anaweka kiti chini ya dirisha, anatazama saa.

Mwalimu Pazia anakitia kifungo mdomoni na kusimama kando ya mlango.

Dakika ya kwanza ni kalamu tu. Dakika ya pili mvulana wa dawati la mbele ananyoosha mkono na kusema, kwa sauti ya mtu aliyeshinda, kwamba ni nne na nusu. Vichwa kadhaa vinamgeukia mwalimu kuutafuta uso wake. Uso haupo. Anaangalia dirishani, na kitu pekee kinachosikika kwake ni kifungo kikigonga jino.

Baadaye atakiri kwamba hapo ndipo alipokaribia kukitema. Jibu sahihi linaanza na "na". La mvulana linaanza na "nne". Silabi moja tu ingetosha.

Dakika ya tatu inapita. Ya nne inaingia. Mtu anakohoa. Dawati lenye mguu mfupi halilii. Nyuma, kiti cha mwalimu mkuu kinaanza kulia badala yake. Anapachika mguu juu ya mwingine, anaushusha. Anatazama saa, anatazama dari, anasafisha koo, na uvumilivu wake unakatika.

"Fikirini, wanangu," anasema. "Mbona ni rahisi. Ni na…"

Hakuna anayemalizia. Karani anageuka na kalamu mkononi, na kwa adabu zote anasema, "Samahani, mwalimu mkuu. Usituanzie. Tunahesabu."

Kicheko kinachofuata kinazibwa midomoni kwa mikono sabini. Mwalimu mkuu anafumba mdomo wake.

Karani anakwenda ubaoni. Anachora mstari mrefu, anaugawa mita sita, kila mita anaikata robo nne. Anazihesabu kwa kidole, zinakuwa ishirini na nne. Kisha anazungushia tatu tatu, taratibu, mpaka mstari unakwisha, na anahesabu mizunguko. Ni minane. Anaandika nane, anafuta, anahesabu upya, anaiandika tena.

Mvulana wa mbele hakubali hivi hivi. Anasema yeye amezidisha sita kwa robo tatu na hakukosea popote. Karani anamwonyesha mstari. Anamwambia kila kipande ni kidogo kuliko mita, kwa hiyo vipande haviwezi kuwa vichache kuliko mita. Mvulana anautazama ule mstari kwa muda mrefu, na hakuna anayemharakisha. Hatimaye anafuta jibu lake kwa kiwiko cha shati.

Wanabishana wenyewe kwa wenyewe kwa dakika tisa. Mwalimu wao hajasema neno.

Kengele inapolia, mwalimu mkuu anabeba kiti chake. Anasimama mlangoni na kumwambia kwamba darasa ni lake. Mtihani wa karatasi bado uko mbele, wiki tatu zimebaki, nao hataupunguza hata swali moja. Anapiga hatua mbili, anarudi.

"Hivyo vifungo," anamwuliza kwa sauti ya chini, "dada yako anavyo vingine?"

Mwalimu Pazia anasubiri afike mbali ndipo anacheka. Hana wasiwasi na karatasi. Anasema safari hii asipokuwapo, hawataona tofauti.

Mpango wake uko mbele zaidi. Mwisho wa mwaka darasa hili litaonyesha igizo mbele ya wazazi, na ametengeneza mgawo wa kazi kwenye daftari. Karani atakuwa muuza vitambaa. Mvulana wa nne na nusu ndiye mteja. Kuna watu wa mapambo, wa viti, wa kufungua pazia. Mnong'onezi hayumo.

Yeye mwenyewe atakaa mstari wa mbele, upande wa watazamaji, mahali ambapo katika miaka yake yote ya jukwaa hakupata kukaa hata mara moja. Na mtoto akisahau maneno yake, mbele ya ukumbi mzima?

Anakifuta kifungo kwa leso na kukirudisha mfukoni.

"Atasimama pale afikiri," anasema. "Nasi tutamngoja."