Kidevu Changu na Pipa la Kasiksi

Kosa langu la kwanza katika kazi ya kasiksi halikuwa kwenye ndizi wala kwenye mtama. Lilikuwa kujibu ukweli nilipoulizwa kama nilikuwa nimenyoa.

Kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ile ya kwanza niliyoikamua nyumbani, iligeuka kuwa siki. Tonton wangu, mdogo wake mama, alikuwa amerudi kutoka machimbo ya Kamituga na ndevu zinazofika kwenye kifungo cha kwanza cha shati. Alinusa kopo, akalirudisha mezani polepole kama mtu anayemlaza mtoto. Hakuniuliza nilitumia maji gani. Hakuniuliza kama ndizi zilikuwa zimeiva sawasawa. Aliniangalia kidevu.

"Ulinyoa siku gani?"

"Siku ya kukamua, tonton. Asubuhi."

"Njo vile," akasema, yaani ndiyo hivyo, akawageukia ndugu wengine. "Munaona? Alikata ndevu, akakata na povu."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Ningesema sikumbuki, yangeishia hapo. Tangu siku hiyo kidevu changu kikawa mali ya familia nzima.

Ndevu zangu, niseme wazi, si kitu cha kupigania. Upande wa kulia zinaota kama nyasi za kando ya barabara. Upande wa kushoto kuna mahali patupu, ukubwa wa kidole gumba, ambapo hapajawahi kuota kitu. Nilikuwa nazinyoa kwa sababu siwezi kuvumilia kitu kisicholingana. Mimi ni mtu wa kuosha bidon, yaani dumu la pombe, kuisuuza, kuianika, halafu kuiosha tena kwa sababu sina uhakika kama niliiosha. Na hakuna aliyenifundisha kukamua. Maman mkubwa, dada yake mama, ndiye aliyekuwa akiwakamulia watu wa kwetu mpaka mikono ikaanza kumuuma. Nilimtazama nikiwa mdogo, halafu ukubwani nikajaza mapengo kwa video za simu na kwa kuharibu ndizi.

Baada ya siki ile kila mtu akawa na lake la kunifundisha. Tonton alieleza kwamba kule kwenye mashimo ya Kamituga mchimbaji hanyoi kabla ya kuona dhahabu, kwa sababu kitu kinachojificha hakimtokei mtu mwenye uso wa mtoto, na pombe nayo ni kitu kinachojificha. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alisema unywele mmoja wa ndevu ukianguka ndani ya pipa, atakayekunywa kopo la kwanza atagombana na mke wake kabla ya kulala. Nilimkumbusha kwamba yeye hugombana na wake hata akinywa chai. Hakupenda.

Hata soko la Nyawera lilinijua. Nilienda kununua mikungu ya ndizi za pombe, na maman muuzaji akanitazama kutoka juu hadi chini, akasimama hapo kwenye kidevu.

"Ni papa yako njo atakamua?"

"Ni mimi njo nitakamua, maman."

"Basi chukua ya kukaanga, mutoto yangu."

Hapa nakiri kitu ambacho tonton hajakijua mpaka leo. Mara ya pili sikunyoa. Niliwacheka mchana kutwa, lakini asubuhi ya kukamua nilishika wembe, nikauangalia, nikaurudisha mahali pake. Niliacha zile nyasi za upande wa kulia ziote, nikatembea mjini nikionekana kama mtu aliyeamshwa katikati ya kazi ya kinyozi. Kasiksi ikachachuka vilevile.

Niliimwaga nyuma ya choo mwenyewe ili asione mtu. Nikakaa nikafikiri ni kitu gani hakikubadilika kati ya mara ile na hii. Ndizi zilikuwa za muuzaji mwingine. Ndevu, mara moja hazikuwepo, mara nyingine zilikuwepo. Kilichobaki ni mkono wangu. Nilikuwa nafunua pipa nikiamka, nafunua nikitoka kuoga, nafunua nikisikia mapovu, na nisipoyasikia nafunua zaidi. Nilikuwa naogopa kwamba inaharibika, na kwa kuogopa huko nilikuwa naiingizia hewa mpaka inaharibika kweli.

Muda si mrefu likaja jambo la dada yangu. Watu wa mchumba wake, wenyeji wa Kabare, walikuwa wanakuja kuleta dote, yaani mahari. Ni watu waliokulia kwenye kasiksi. Huwezi kuwapa mbaya ukawaambia ndivyo ilivyo ya mjini. Dada alikuwa ameniambia, tukiwa wawili, kwamba siku yake hataki makasha ya bière, bia ya kiwandani, mezani. Anataka kasiksi iliyokamuliwa na mdogo wake. Nilimwahidi. Kama ingechachuka, wakwe wangeionja aibu hiyo mbele yake, na angeibeba mpaka nyumbani kwao.

Familia ilikutana sebuleni siku ya Jumapili, baada ya misa. Tonton hakusubiri.

"Tununue bière tu. Huyu mutoto hana ndevu. Pombe itamuheshimia nini?"

"Maman mukubwa alikamua miaka yote," nikasema. "Yeye iko na ndevu?"

Nilijua nimevuka mpaka. Maman mkubwa, aliyekuwa anachambua maharage kwenye sahani yake kana kwamba hasikii, akainua uso, akajikuna chini ya mdomo.

"Niko nazo mbili," akasema. "Tangu nilizaa mutoto wa kwanza. Sizing'oi. Weye ulifikiri naziachia nini?"

Tulicheka mpaka mama akatoka jikoni kuuliza nani ameanguka. Tonton alipiga makofi kama mtu aliyeshinda kesi. Maman mkubwa akangoja tumalize, kisha akatoa hukumu, maana neno la mwisho la pombe nyumbani kwetu bado ni lake.

"Akamue. Lakini asinyoe mpaka wakwe wakunywe."

Ningekubali, isingenigharimu kitu. Mdomo wangu ulitaka kusema ndiyo, maman. Lakini niliona mbele: ikitoka nzuri, sifa zitaenda kwa ndevu, na mimi nitabaki mtumwa wa upande wangu wa kulia maisha yangu yote.

"Nitanyoa," nikasema. "Siku ileile ya kukamua, hapa inje kwenye lupango, kila mutu aone."

Dada akanivuta shati. "Weye. Ile ni siku yangu, haiko yako."

"Najua."

"Unajua, ao unabishana tu?"

Nilimvuta pembeni. Nilimwambia ile siri ya mkono wangu na mfuniko, yeye peke yake. Alinisikiliza, hakucheka.

Asubuhi ya kukamua nilining'iniza kioo kwenye msumari uani, nikajipaka sabuni, nikanyoa. Tonton alileta kiti chake akakaa kama mtu anayetazama mpira. Wembe ukateleza, nikajikata chini ya sikio.

"Na damu tena," akasema. "Tutakunywa Fanta."

Nikaziponda ndizi kwa nyasi safi mpaka maji yake yakatoka, nikachuja, nikatia mtama uliokaangwa na kutwangwa. Nilipofunika pipa, dada alitoka ndani na sanduku lake la pagne, vile vitenge vipya alivyovinunua kwa ajili ya ndoa, akaliweka juu ya mfuniko.

"Ukitaka kufunua, utatoa kwanza pagne zangu," akasema. "Na ukizichafua, utawaeleza wakwe."

Sijawahi kuteseka vile. Pipa lilikuwa linaongea chini ya sanduku na mimi sikuweza kumwona anayeongea. Nilikuwa napita karibu nikiwa na ufagio, nikiwa na ndoo, nikiwa sina kitu. Mara moja nilishika mshikio wa sanduku. Niliukumbuka uso wa dada sebuleni, nikauachia.

Siku ya dote, dada mwenyewe ndiye aliyelitoa sanduku. Povu lilikuwa limejaa mpaka juu, jeupe, na harufu ilikuwa ya ndizi na mkate.

Kwetu, mwanaume mwenye masharubu ndiye anayeonja mbele ya wageni. Povu likikaa kwenye masharubu mpaka amalize kuwasalimu, pombe ni nzuri. Likishuka mapema, huwa watu wanajifanya hawakuona, lakini wameona. Tonton alikunywa, akasimama na mstari mweupe juu ya mdomo, akaanza. Alimsalimu papa wa mchumba, mama zake, ndugu zake. Akawasalimu wagonjwa waliobaki Kabare. Akamsalimu dereva aliyekuwa bado anapaki gari. Nilielewa alichokuwa anangoja. Hata maman mkubwa alielewa, akamwambia, "Mudogo yangu, kaa, povu haiendi mahali."

Akakaa. Akajipangusa. "Iko muzuri," akasema, kwa shida.

Dada alinitazama kutoka upande wa pili wa sebule, halafu akainamisha uso kama inavyompasa anayeolewa, lakini nilimwona anacheka.

Papa wa mchumba akamaliza kopo lake, akauliza nani aliyekamua. Wakanionyesha. Akaangalia kidevu changu kitupu na kidonda chini ya sikio, akatikisa kichwa kwa heshima.

"Njo maana. Kwetu mwenye kukamua ananyoa kwanza. Povu haipendi mushindani."

"Njo vile," akasema tonton, bila haya hata kidogo. "Minamuambiaka kila siku."

Sasa nikiitwa kukamua kwa sherehe ya ndugu au jirani, kuna mtu anayenisubiri mlangoni na wembe mpya. Siupokei. Nimefuga ndevu, nyingi kulia, pengo kushoto. Na pipa nikishalifunika, silifunui kabla ya wakati wake.